Ametoka gerezani, amepanga nyumba ya tatu: maswali yenu na majibu

Ujumbe mwingi uliotufikia kutoka Kigoma na Tabora unahusu jambo moja: mtu aliyefungwa kwa kubaka, kunajisi au kulawiti amerudi, na mtaa haujui umfanyeje. Tumeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtoto yeyote.

Mwanaume aliyefungwa kwa kumnajisi mtoto amerudi, kapanga nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Mwanga. Nina watoto watatu. Naweza kudai aondolewe? – Mama, Kigoma mjini

Pole sana mama. Kumwondoa huwezi, na mwenyekiti wa mtaa naye hawezi. Aliyemaliza kifungo amemaliza, na Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Mtendaji anaweza kumwandikisha kwenye daftari la wakazi kama mpangaji mwingine yeyote, basi.

Unachoweza ni kumnyima nafasi. Kosa hili linahitaji mtoto, mtu mzima, na dakika chache za wao wawili peke yao. Hizo dakika ziko mikononi mwako. Andika kwenye karatasi saa ambazo watoto wako hawana mtu mzima unayemwamini. Kwa akina mama wengi wa Mwanga saa hizo zinajulikana: alfajiri mama anapoteremka mwaloni Kibirizi kuwahi dagaa; alasiri kati ya kutoka shule na mama kurudi sokoni; usiku umeme ukikatika na mtoto anataka kwenda choo cha uani. Kila saa itafutie mtu mwenye jina. Ukisema "majirani watawaangalia" hujasema kitu. Sema "Mama fulani anakaa nao hadi saa mbili asubuhi", naye mwenyewe awe amekubali. Choo cha uani usiku wanakwenda wawili, na taa.

Watoto usiwatishe kwa kusema yule ni shetani. Mtoto aliyetishwa huogopa kusema hata akiguswa, kwa sababu anaona kosa ni lake kumkaribia. Mwambie mambo matatu kwa sauti ya kawaida, tena mara nyingi. Hakuna mtu mzima, awe jirani, mjomba, mwalimu au ustadhi, anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri au kutaka aguswe. Hakuna siri kati yake na mtu mzima. Na zawadi yoyote, hata kipande cha muwa au karanga za mia mbili, inaletwa nyumbani kwanza ionekane, ndipo iliwe. Hili la zawadi usilipuuze. Anayemwinda mtoto huanza na kitu kidogo ili apime kama mtoto anajua kunyamaza. Muwa ukinyamaziwa, unafuata mguso unaojifanya wa bahati mbaya. Mguso ukinyamaziwa, njia imefunguka.

Na tafadhali, sheria hizi zisiwe za jirani huyo peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ulioungwa mkono na UNICEF, ulikuta wasichana karibu 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi. Wengi wa waliowatendea watoto hao hawajawahi kukanyaga mahakamani. Mtaa unaomkodolea macho mfungwa mmoja huku fataki mwenye duka akiwapa wanafunzi vocha haujalinda mtu.

Likitokea la kutokea, usimwogeshe mtoto. Nguo zake ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye kanga kavu. Mfuko wa nailoni huzifanya zivunde na ushahidi ukaharibika. Mfikishe hospitali, kwa Kigoma ni Maweni na kwa Tabora ni Kitete, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya hapo. Matibabu yaanze hata kama PF3, fomu ya polisi ya matibabu, haijaletwa. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya bure ya watoto ni 116.

Alihukumiwa miaka 30. Mbona baada ya miaka sita tunamwona sokoni? Hapa si rushwa? – Msomaji, Urambo

Ndilo swali lililoulizwa na wengi, na ndilo linalochoma zaidi. Ubakaji adhabu yake haipungui miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Basi mtu akionekana mapema watu husema kanunua haki. Mara nyingi alichofanya ni kukata rufaa.

Mfungwa hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha huwasilisha rufaa ndani ya siku 45. Mahakama Kuu ikimkatalia, anakwenda Mahakama ya Rufani. Huko majaji husoma jalada neno kwa neno, na mashimo wanayoyakuta ni yaleyale kila mwaka. Hati ya mashtaka imetaja kifungu kisicho sahihi. Umri wa mtoto umeandikwa kwenye hati lakini hakuna shahidi aliyeuthibitisha. PF3 imepokelewa bila kusomwa kwa sauti, hivyo inaondolewa kwenye ushahidi. Mtoto asiyezidi miaka 14 ametoa ushahidi bila kuahidi kwanza kusema kweli, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka. Au mtoto alimjua mtu huyo tangu siku ya kwanza, lakini jina likatajwa baada ya wiki mbili na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Hukumu ikifutwa, kisheria yule si mkosaji, na kumwita mbakaji kunaweza kukupeleka wewe mahakamani. Lakini lipo la pili ambalo tunaomba lisikike vijijini: hukumu kufutwa haina maana kwamba mtoto alisema uongo. Kinachofuta hukumu mara nyingi ni karatasi na utaratibu. Mahakama ya Rufani yenyewe imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa. Tunaumia kusikia binti anaitwa "muongo aliyemfunga mtu" kisimani kwa sababu askari hakujaza fomu vizuri.

Lililo mikononi mwa mzazi ni hili: tunza kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, mzazi mwenyewe autaje umri akiwa kizimbani, na jina la mtuhumiwa litajwe kwa mtu wa kwanza kabisa anayeambiwa.

Njia nyingine ya kutoka mapema ni theluthi. Sheria ya Magereza inaruhusu mfungwa mwenye tabia njema apunguziwe theluthi ya kifungo. Wa miaka 30 hutoka kwenye 20. Aliyeingia na miaka 28 anarudi kijijini na miaka 48, wazazi wamekufa, shamba limegawanywa, watoto hawamjui. Msamaha wa Rais nao upo kwenye Ibara ya 45, ila matangazo yake kwa kawaida huwatenga wabakaji na walawiti.

Vijana wa kitongoji wanasema wataichoma nyumba yake. Mimi ni mwenyekiti, nizuie kwa maneno gani? – Kasulu

Mzee, usianze kwa kumtetea, watakuzomea. Anza na wao. Waambie kuhusu nia ya pamoja, kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu: waliokusanyika kwa lengo moja baya hubeba wote kosa linalotokana na lengo hilo. Aliyeleta kiberiti na aliyerusha jiwe moja wanaweza kusimama kizimba kimoja kwa mauaji, na mauaji adhabu yake ni kunyongwa. Kundi halitajwi jina, watafutwao ni watu, na wa kwanza kutajwa ni kijana aliyepiga kelele zaidi.

Halafu waulize: mkimfukuza, ataenda wapi? Jibu mnalijua. Atakwenda kambi ya wavuvi huko mwambao wa Uvinza, au Kaliua kwenye mashamba ya tumbaku ambako kibarua hulala kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto usiku kucha na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Huko kuna watoto pia, na wazazi wao hawatakuwa na habari ninyi mliyo nayo.

Hasira ya vijana ni ya kweli, ipe kazi. Itisha kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, iliyo chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kama imelala, iamshe. Mwite afisa ustawi wa jamii. Mwiteni na huyo aliyetoka gerezani, mchana, ofisini, mbele ya watu wanne au watano na si mbele ya mkutano wa hadhara. Mwambieni wazi: tunajua ulifungwa kwa nini, hutakaa na mtoto asiye wako bila mzazi wake, hutachukua kazi ya watoto, na ukitishiwa njoo hapa. Kumbukumbu iandikwe na kutiwa saini. Barua ile si amri ya mahakama, msijidanganye, lakini mtu anayejua kwamba watu watano wanajua na wanamwona hutembea tofauti na anayejificha. Akitoa vitisho au akianza kuzungukia nyumba ya mtoto aliyemtendea, nendeni polisi siku hiyohiyo; hakimu anaweza kumtaka aweke dhamana ya kulinda amani.

Tumeweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kuna ubaya? – Igunga

Upo. Kama mtoto aliyetendewa ni wa nyumbani kwake au wa jirani yake, picha hiyo imemtangaza mtoto. Kila anayeiona anauliza "ni binti wa nani?" na kabla ya jioni jibu limepatikana. Ifuteni. Picha husambaa pia na makosa: jina linalofanana, sura inayofanana, na mwingine anapigwa.

Kaka yangu anatoka mwezi ujao. Mama anataka aje kwetu. Binti yangu ana miaka tisa. – Dada, Ng'ambo, Tabora

Dada, kama kuna nyumba nyingine ya ukoo isiyo na watoto, aende huko, hata kama ni chumba cha kuchangia kodi. Hili mwambie mama kabla kaka hajafika, maana akishaingia na begi lake hamtaweza. Mama atalia kwamba unamtupa ndugu. Humtupi: umempa pa kulala, umempunguzia na maneno.

Kama hakuna pengine, basi chumba chake kiwe cha mbele na cha binti kiwe karibu na chako, kikiwa na komeo la ndani ambalo binti analifikia. Hawalali mkeka mmoja hata wageni wakijaa msibani. Kaka hamwogeshi binti, hampeleki shule, hamfundishi hesabu mlango ukiwa umefungwa. Hampi simu yake achezee. Na yeye mwenyewe ayasikie haya kwako. Akikasirika sana, amekujibu.

Kinachoharibu nyumba nyingi ni mwezi wa nne tangu arudi. Mwanzo kila mtu yuko macho. Kisha kaka anachota maji, anapasua kuni, anamchekesha bibi, na siku moja kuna msiba Nzega, mnaondoka wote mnamwachia mtoto. Masharti haya hayaishi kwa sababu amekuwa mwema. Aliyebadilika kweli huyashika bila kulazimishwa, kwa kuwa yanamlinda na yeye.

Kama aliyetendewa ni binti huyohuyo au mtoto mwingine wa nyumba hiyo, hapo hakuna masharti. Asirudi. Afisa ustawi akiona mtoto yuko hatarini anaweza kupeleka maombi Mahakama ya Watoto.

Alikuwa mwalimu wa kwaya, ametubu, anataka kurudi kufundisha watoto. – Mzee wa kanisa, Kibondo

Hapana. Toba aipokee Mungu na mpokeeni ibadani. Kwaya ya watoto, madrasa na shule ya Jumapili akae navyo mbali maisha yake yote. Mpeni zamu ya kufyeka uwanja na watu wazima wenzake.

Kanada kuna mpango ulioanzia kanisani huko Hamilton, Ontario, mwaka 1994: waumini wanne hadi sita wanamzunguka mtu mmoja aliyetoka jela, wanamtafutia kibarua, wanakutana naye kila wiki, na wanamuuliza maswali magumu ana kwa ana. Umeigwa nchi kadhaa. Kanisa lako linaweza kuujaribu bila shilingi ya mfadhili.

Kwa nini Tanzania haina daftari la wazi la wabakaji kama Marekani? – Mwalimu, Sikonge

Marekani iliagiza majimbo yawasajili mwaka 1994, na mwaka 1996 ikaagiza wananchi waarifiwe. Afrika Kusini ilianzisha daftari kwa sheria ya 2007, na waajiri wa sehemu zenye watoto hulitumia kukagua. Sheria ya Kenya ya 2006 nayo inataka daftari litunzwe na Msajili wa Mahakama Kuu.

Kwa daftari la wazi kwa kila mtu, tunasita. Huko Miami wakosaji walikatazwa kuishi ndani ya futi 2,500, kama mita 760, kutoka shule. Wengi wakaishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle. Na uchambuzi wa tafiti 61 uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kama asilimia 13 walirudia kosa la kingono ndani ya miaka minne hadi mitano. Ni idadi ya waliokamatwa tu, kwa hiyo ukweli uko juu zaidi, lakini iko mbali na usemi wa mitaani kwamba wote hurudia. Kinachojulikana kuwasaidia wasirudie ni pa kulala, kazi, na watu wanaowajua.

Daftari la waajiri tunaliunga mkono. Kabla halijaja, mwenye shule, madrasa, kituo cha yatima au basi la wanafunzi anaweza kumtaka kila mwombaji alete cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho hutolewa baada ya alama za vidole kukaguliwa. Aombe cheti halisi, si kivuli, na kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Aliyekamatwa na yakaisha kifamilia kwa ng'ombe wawili hataonekana kwenye cheti hicho, kwa hiyo mpigie simu na mwajiri wake wa mwisho, umuulize swali moja: ungemrudisha kufanya kazi na watoto?