Karuru: enda, lakini fika kabla ya ukungu

Mwenye uzi ameuliza kama inafaa atoke Nairobi na bibi na watoto wawili wikendi moja tu waende kuona maporomoko ya Karuru huko mbuga ya Aberdare, ama watachoka bure. Nimeenda mara tatu, wacha nijibu kwa urefu.

Enda. Ila usirudie makosa yangu ya kwanza, ya kudhani unaweza kuamka Nairobi, uende, uone, urudi ulale kwako. Tulitoka Roysambu saa kumi na moja asubuhi, Thika, Kenol, Karatina hadi Nyeri, tukakunywa chai, tukanunua mkate na maji, kufika geti ya Kiandongoro saa nne ishapita na bado kuna barabara ya ndani. Tulipofika Karuru ukungu ulikuwa umejaa bonde lote. Nilisimama pale kwa jukwaa la mbao nimeshika reli imelowa chepechepe, maji nayasikia yananguruma huko chini na sioni kitu, ni nyeupe tupu kama mtu ametundika shuka mbele ya uso. Tukangoja lisaa lizima watoto wakitetemeka, halafu tukarudi. Msichana wangu alilia kwa gari na sikuwa na la kumwambia.

Ni hivi: huko juu, karibu mita 3,000, alfajiri mara nyingi huwa wazi, lakini jua likishapasha msitu ule unyevu wote unapanda na kugeuka wingu, ikifika saa nne ama saa tano bonde limefungwa. Kwa hivyo lala huko. KWS, shirika la wanyamapori, wana nyumba za kulala karibu na hiyo geti, unajipikia mwenyewe, beba chakula kutoka Nyeri mjini. Mara ya pili tulifanya hivyo na saa moja na nusu tulikuwa tushafika, na hapo ndio nilielewa kwa nini watu wanaenda.

Maji yanaanguka hatua tatu, mita 117, halafu 26, halafu 130, jumla 273. Kwa picha unaona mstari mweupe tu. Ukiwa pale unaona maji yakiachana na mwamba, yanakuwa kama moshi kabla ya kugonga chini, na ng'ambo ya bonde kuna maporomoko ya Gura nayo yanamwagika kutoka kwa ukuta wake, unageuza shingo tu unaona zote mbili. Watoto walinyamaza, na wangu si wa kunyamaza. Kitu kingine, tazama rangi ya maji kwa mto wenyewe kabla hayajaanguka: si meupe, yako kama turungi nyepesi, yanatoka kwa ile nyanda ya nyasi na matope meusi huko juu. Yule mdogo aliuliza nani ameweka majani ya chai. Renja akamweleza vizuri kabisa kwamba hayo maji yanaingia mto Gura, Gura inaingia Tana, na Tana ndio inajaza bwawa la Masinga na kusukuma mitambo ya stima huko chini mpaka Kiambere. Tangu siku hiyo akiwasha taa nyumbani anataja Karuru.

Sasa gari. Hii nasema kwa uchungu. Mara ya tatu nilikodisha kwa jamaa mmoja hapa town akaniapia ni fobaifo, kumbe inavuta magurudumu ya mbele peke yake, mvua ya usiku mmoja tu ikatuweka kwa matope masaa mawili na hiyo barabara ndovu na nyati hupita, huwezi shuka ukasukume hivi hivi. Marenja ndio walituvuta. Kagua gari mwenyewe kabla ya kulipa. Na epuka Machi mwisho hadi Mei, enda Januari ama Februari.

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, maliza ukiwa bado Nyeri kwa sababu netwaki huko juu ni ya kubahatisha. Kama unapenda kuvua, mito ya huko ina trauti, unaomba kibali. Ukitaka kutembea kwa miguu huko kwa nyasi uliza renja, usijipeleke.

Njiani waonyeshe watoto mianzi na ile miti mikubwa yenye ndevu za kijivu zinaning'inia. Waambie pia ni msitu wa nani. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na wakoloni, alikamatwa pembezoni mwake upande wa Nyeri, Oktoba 1956. Cucu yangu, yaani nyanya, ni wa Tetu huko Nyeri, nilimwomba tuende naye akakataa, akasema hiyo baridi anaijua, aliibeba mgongoni pamoja na chakula cha watu wa msituni akiwa msichana, mpaka wakoloni wakawalazimisha wanakijiji kuchimba ule mtaro wa kufunga msitu. Lakini niliporudi aliniuliza kitu kimoja tu, kama maji bado ni mengi. Nikamwonyesha video kwa simu, akairudia mara nne bila kusema neno.

Bebea kila mtoto jaketi nzito, kofia na soksi mbili mbili, na gambuti kama unazo. Usiku maji ya kwa beseni yanauma vidole. Na ukifika pale kwa jukwaa yule mdogo mshike mkono, mbao huwa na utelezi wa asubuhi.