Dawa mpya ya maumivu baada ya oparesheni

Dadangu, pole na mamako. Nimekuelewa, apasuliwa henia wiki ijayo, morfini humtapisha, na kakako ataka kumtumia ile dawa mpya ya maumivu, suzetrigine, kutoka Marekani. Dawa ni ya kweli, ilipitishwa huko Januari 2025, yazuia maumivu kwenye neva kabla hayajafika kwenye ubongo na si jamii ya morfini, lakini kwenye majaribio ilishinda tembe zisizo na dawa, haikuishinda hydrocodone (dawa ya jamii ya morfini) iliyochanganywa na parasetamoli.

Usimpe kimyakimya tafadhali! Yagongana na baadhi ya dawa za fangasi, hata balungi. Muone daktari wa nusu kaputi kabla ya siku yenyewe, mwambie habari ya morfini, aweza kupanga parasetamoli na sindano ya ganzi pale kwenye kidonda. Akirudi nyumbani kidonda kikitoa usaha au maumivu yakizidi, mrudishe hospitali usiku huohuo.