Tope la Buswelu si barafu ya Kanada

Dada, mdogo wako anayekwenda kuendesha gari Kanada asiende na kauli hiyo kwamba aliyezoea tope la Buswelu, Mwanza, haogopi theluji. Nimeendesha huko misimu miwili ya baridi kabla ya kurudi Nyegezi. Tope unaliona. Barafu nyembamba juu ya lami huioni, unadhani ni maji tu, na gari linaweza kuhitaji hata mara kumi ya umbali wa kawaida ili lisimame. Kwa hiyo aache nafasi kubwa na gari la mbele. Madaraja ndiyo mabaya zaidi: upepo wa baridi unapita juu na chini, yanaganda kabla ya barabara. Afikirie lile la Kigongo–Busisi likiwa barafu tupu! Gari likiteleza, atoe mguu kwenye mafuta, atazame anakotaka kwenda na ageuze usukani taratibu huko huko. Matairi ya baridi afunge mapema, maana ya kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Na akikwama kwenye theluji, tafadhali sana, afukue bomba la moshi kabla ya kuwasha injini ili ajipashe joto. Ile hewa ya sumu ikirudi ndani inaua, na haina harufu.