Mkopo wa serikali kwa wanaoingia vyuo vya kati na vya ufundi: mambo ya kushika mapema

Wadogo zangu mnaojiandaa kuingia chuo, nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa chuo cha kati kuomba mkopo wa serikali ya Tanzania, na swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Nimesikia serikali inatoa mkopo hadi vyuo vya ufundi, na mimi nina nafasi VETA, naombaje?" Nawaonea huruma wanaouliza hivyo, kwa sababu mara nyingi wameshatoa hela kwa mtu wa kuwajazia fomu isiyowahusu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kukopesha wanafunzi wa shahada. Mwaka wa masomo 2023/24 ndipo dirisha lilipofunguliwa kwa upana kwa wanafunzi wa stashahada (diploma), tena kwa fani za kipaumbele: afya na sayansi shirikishi, ualimu, usafiri na usafirishaji, nishati, madini na sayansi ya ardhi, kilimo na mifugo. Mwongozo hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo soma wa mwaka wako, usisome wa kaka yako. Ukiona kozi yako haimo, usimlipe mtu anayedai ana njia ya kukupenyeza. Njia hiyo haipo.

Anayesoma ufundi stadi VETA, yaani vyuo vya mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, hayumo kwenye mkopo huu. Msaada wake serikali imeuweka kwenye ada yenyewe: kozi za muda mrefu katika vyuo vya VETA vya serikali zimekuwa zikitozwa Sh60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Kinachowaelemea wengi ni vifaa, sare, nauli na chakula. Hapo fuatilia mambo mawili. La kwanza ni mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, yanayosimamiwa na serikali, ambayo ada yake hulipwa na serikali kwa vijana wanaochaguliwa. Nafasi zikitoka hutangazwa, kwa hiyo vyeti vyako viwe tayari mkononi. La pili ni la baada ya kuhitimu: mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiwa bado chuoni, angalia ni wenzako gani wa karakana unaoweza kuunda nao kikundi, kwa sababu mashine ya kuchomelea au cherehani ya kisasa ni nzito kununua peke yako.

Sasa niongee na wa stashahada.

Katika wanaokosa mkopo niliowaona, wengi walikuwa na uhitaji wa kweli. Kilichowaangusha ni karatasi kutosemezana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema Juma Ally, cha kidato cha nne kinasema Rehema J. Ali, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo halipo kwingine kote. Wewe unajua ni mtu mmoja. Mfumo unaona watu watatu. Kurekebisha jambo hili kunaweza kukutaka kiapo kwa wakili, au hata hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hakuna hata moja inayokamilika kwa siku moja. Leo jioni, vitoe vyeti vyote, uviweke mezani kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Angalia na tarehe ya kuzaliwa.

Ukimaliza hapo, peleka cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Kama umefiwa na mzazi, cheti chake cha kifo nacho kinahakikiwa hukohuko. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe, kwani wakati huo nchi nzima inapeleka vyeti kwa pamoja na majibu yanachelewa. Wa Zanzibar wanahakiki kwa mamlaka ya usajili ya huko.

Kuna kosa jingine dogo linaloumiza sana. Waliorudia mtihani wa kidato cha nne wana namba ya mtihani zaidi ya moja. Namba uliyoombea chuo ndiyo hiyohiyo uombee mkopo. Ukichanganya, jina lako la udahili na ombi lako la mkopo havikutani, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza.

Uhitaji nao unathibitishwa kwa karatasi. Kama kaya yenu imo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, chukua namba ya kaya kwa mratibu wa kijiji au mtaa. Kama una ulemavu, au mzazi wako anao, pata uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kundi hili husahaulika: kuna mtoto wa familia duni aliyesoma sekondari ya binafsi kwa kusomeshwa na kanisa, shirika au mtu mwenye moyo mwema. Kwenye fomu anaonekana ametoka shule ya ada kubwa, na anapimwa kama mtoto wa mwenye uwezo. Ukiwa wewe ndiye huyo, rudi kwa aliyekusomesha, akuandikie barua inayosema alilipa ada yako, na uiambatishe. Nimeona barua ya namna hiyo ikibadilisha matokeo kabisa wakati wa rufaa, lakini ingekuwa heri ingekuwepo tangu mwanzo.

Kujaza fomu wengi mnakwenda stationari, na si vibaya. Ila kaa kiti cha pembeni utazame kioo. Namba ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, nenosiri liandike kwenye daftari lako. Wapo wahudumu wanaoweka namba zao ili kazi iende haraka. Mwezi unaofuata unataka kuona majibu, na yule mhudumu ameshahama mji. Fomu ikichapwa, hakikisha kila sahihi ipo: yako, ya mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na muhuri, na ya wakili au hakimu. Ukurasa mmoja usio na muhuri unatosha kulirudisha ombi lote. Mdhamini naye mweleze anachosaini. Ni mzazi au ndugu yako, ana haki ya kujua.

Majibu utayaona kwenye akaunti yako ya mkopo, ile inayoitwa SIPA. Usishtuke ukikuta umepewa sehemu tu ya ada. Mkopo hutolewa kwa kipimo cha uhitaji, na kama unaona kipimo hakikukutendea haki, dirisha la rufaa likifunguliwa peleka ushahidi mpya, usipeleke malalamiko matupu. Ada huenda moja kwa moja chuoni. Ya chakula na malazi, bumu kama mnavyoliita, huingia kwenye akaunti yako ya benki ukishasajiliwa na kuthibitisha kupokea. Usiposaini kwa wakati fedha hurudishwa Bodi, kwa hiyo pita dawati la mikopo kila muhula hata kama unadhani mambo yako yamenyooka. Na bumu la kwanza huchelewa. Mzazi akikuuliza uondoke na kiasi gani, hesabu chakula na kodi ya mwezi wa kwanza bila kuihesabu fedha ya Bodi.

Mwisho, deni. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya wahitimu wa zamani waone deni likikua huku wanalipa, ilifutwa mwaka 2021. Ukiajiriwa, mwambie mwajiri mapema kwamba ni mnufaika. Ukijiajiri hakuna wa kukukata: unaomba mwenyewe kumbukumbu namba ya malipo (control number), unalipa, na unatunza risiti zote mpaka Bodi ikuandikie kwamba umemaliza.