Presha 148/94 ukiwa na miaka 21: anzia kwenye sahani

Mdogo wangu, umeuliza kama chipsi mayai za kila usiku ndizo zilizokupandishia presha hadi 148/94, na baba yako naye ni mgonjwa wa presha. Kwanza usijihukumu kwa kipimo kimoja. Rudia siku nyingine mbili au tatu: kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu. Ikiendelea kufika 140/90 au zaidi, nenda kwa daktari, hata kama hujisikii vibaya. Presha mara nyingi haina dalili.

Sasa chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya vyakula vyote. Chipsi zikinyunyiziwa chumvi mbichi, ukaongeza tomato sosi, soseji na tambi za pakiti zenye kile kikaratasi cha viungo, umeshapita kiwango kabla hujalala. Najua bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, likiisha unakula kinachopatikana, sikulaumu. Lakini wali maharage na mchicha kwa mama ntilie mara nyingi ni nafuu kuliko chipsi kuku, na ndizi mbivu moja inakupa potasiamu, inayosaidia mwili kutoa chumvi kwenye mkojo. Mwombe mama ntilie asiweke mchuzi mwingi, maana nao una chumvi.

Na historia ya baba yako, mwambie daktari mapema.