Umeacha ugali, LDL (kolesteroli mbaya) imepanda: angalia mafuta kwanza

Pole dada. Miezi miwili bila ugali, wali wala viazi, kilo zimeshuka, halafu LDL inatoka milimoli 3.1 kwa lita hadi 4.6! Hutokea. Wanga ukipungua, trigliseridi (mafuta yaliyo kwenye damu) kwa kawaida hushuka na HDL (kolesteroli nzuri) hupanda kidogo. LDL ndiyo haitabiriki, hasa kwa mtu mwembamba.

Mara nyingi chanzo ni kilichochukua nafasi ya ugali: kitimoto chenye mafuta, samli, siagi, na mawese ya Kyela, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yale yanayopandisha LDL. Pikia alizeti, tena kwa kijiko, si kumimina. Ongeza nusu parachichi la Rungwe na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva. Yana wanga gramu 20 hivi, ndiyo, lakini nyuzinyuzi zake husaidia kutoa kolesteroli mwilini.

Pima tena baada ya wiki 8 hadi 12, uzito ukiwa umetulia, maana kilo zikishuka kwa kasi majibu huyumba. LDL ikifika 4.9, muone daktari. Na kama unameza dawa za sukari, mwone leo: dozi ileile bila ugali yaweza kuishusha sukari ya damu mno.