Muulize Fundi: Hema lilikazwa jioni, asubuhi limelegea

Mvua zikianza tu meseji zangu zote zinageuka kuwa za mahema. Leo nimechukua nne, walioniuliza bei mnisamehe, mi siuzi kitu.

SWALI: Fundi niaje. Tulipanda Mlima Kenya kupitia Sirimon tukalala kambi ya Shipton. Tenti yangu ni ile ya nailoni ya silikoni, laini inateleza, jioni niliikaza mpaka ikawa ngoma. Saa tisa usiku naamka kitambaa kinanigusa pua, kamba zote zimelegea na ndani kuna matone. Niliuziwa feki ama? (Msomaji, Nanyuki)

JIBU: Feki hapana kaka, uliuziwa nailoni yenyewe kabisa, ila aliyekuuzia hakukwambia kwamba nailoni ni mnywaji. Ikining'inia kwenye hewa ya kawaida tu tayari imebeba maji karibu asilimia 4 ya uzito wake, wakati poliesta hata asilimia 1 haifiki. Watu wanadhani ile silikoni imemaliza kazi, na kweli inazuia mvua isipite, lakini uzi wenyewe ulioko katikati bado unavuta unyevu polepole na ukishashiba unarefuka, sasa hema zima limeongezeka urefu kidogo kidogo kila upande na wewe umelala, lazima likukute puani. Asubuhi jua likipiga linajikaza tena lenyewe unabaki unajiona ulikuwa unaota.

Dawa ya leo leo ni kuamka ukakaze upya kabla hujalala usingizi wa pili, au fanya kama mimi, kata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ufunge kati ya kamba na kigingi, kitambaa kikirefuka mpira unavuta wenyewe. Hiyo haijawahi kuniangusha. Dawa ya kudumu ni ukinunua tena uchukue poliesta iliyopakwa silikoni. Nitasema ukweli, kwa uzito uleule nailoni ni ngumu zaidi kuchanika, kwa hiyo wanaoitetea wana hoja, lakini sisi tuko ikweta na pale Shipton uko kama mita 4,200, na ile mionzi ya jua inayokula vitambaa inaongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na nailoni inachoka na jua haraka kuliko poliesta. Kwa milima yetu mi ni mtu wa poliesta na sijifichi.

Kuhusu matone, hayo ni pumzi zenu. Kitambaa cha silikoni hakipumui, watu wawili mkifunga zipu zote mkalala, mvuke unapanda unakuta paa la baridi unageuka maji. Acha mlango wazi kidogo juu, baridi utaizoea.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimepata hema la mtumba zuri, bei ya kutupa, kufika nyumbani nalikunjua ndani linanata kama embe bivu na harufu yake sisemi. Nilifue na nini? (Mama wawili, Dar)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hilo usilifue, limeshakufa. Ndani lilipakwa poliyurethani, aina ya plastiki ya kuzuia maji, ambayo ni ya bei rahisi na inakubali kubandikwa utepe kwenye mishono ndo maana viwanda vinaipenda, shida yake unyevu na joto vinaivunjavunja taratibu mpaka inarudi kuwa gundi. Aliyekuwa nalo pengine alilikunja bichi akalisahau stoo miaka. Wape watoto wajengee kivuli. Siku nyingine kabla hujalipa sugua upande wa ndani kwa vidole halafu nusa, usione aibu. Na la kwako hata likiwa jipya likaushe kwanza ndo ulihifadhi, huko pwani hasa.

SWALI: Nataka kushona turubai langu mwenyewe, mita 3 kwa 3, nipande nalo Rwenzori. Naona wanaandika denia 15, denia 20, denia 30, sielewi. Na nasikia kitambaa cha Dyneema ndo mwisho wa maneno. (Fundi cherehani, Kasese)

JIBU: Fundi mwenzangu! Denia ni unene wa uzi: chukua uzi wa mita 9,000 upime, ukiwa gramu 20 basi ni denia 20. Lakini hiyo haikwambii uzito wa kitambaa kikishapakwa, uliza gramu kwa mita ya mraba. Turubai lako ni mita 9 za mraba. Turubai zito la pamba la gramu 340 lingekupa kilo 3 na bado halijalowa. Poliesta ya silikoni ya gramu 45 ni gramu 405. Dyneema nyembamba ya gramu 18 ni gramu 162, hapo ndo watu wanapochanganyikiwa.

Na ni kitambaa kizuri, kilitokana na matanga ya mashua za mashindano, hakinywi maji, hakirefuki. Ila ni nyuzi zilizobanwa katikati ya filamu mbili nyembamba, ukitoboa kwa sindano tundu linabaki tundu, kwa hiyo kinaunganishwa kwa utepe wa gundi zaidi ya kushonwa, kinachoka kwenye mikunjo, na bei ni mara kadhaa ya poliesta. Turubai la kwanza usijifunzie kwenye Dyneema, utalia.

Chukua poliesta ya denia 20 yenye vile vimraba, vinazuia mpasuko usikimbie. Kinga ya maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinabeba kabla hakijavuja, milimita 1,500 kwa paa inatosha, sakafu ndo inataka zaidi maana goti lako linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua. Sindano namba 11, uzi wa poliesta, wa pamba utaoza. Kitambaa kitakuteleza kama kambare, usikichome pini katikati, kibane na vibanio vya kuanikia nguo. Mshono uwe wa kukunjiana kama wa jinzi. Utepe wa kawaida haushiki kwenye silikoni, chukua ile silikoni ya wazi ya kuzibia vioo uipunguze na waiti spiriti, paka mishono kwa brashi, acha usiku mzima. Ukikunja mapema itajishika yenyewe, mi langu la kwanza nililibandua kama chapati zilizogandana.

SWALI: Mvua ikikataa kuacha naweza kupikia ndani ya hema? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Hapana. Nailoni na poliesta zote zinayeyuka na kudondoka zikiwaka, na hewa ya jiko inaua mtu bila harufu. Pikia chini ya turubai, pande ziwe wazi. La fundi wa Kasese likikamilika nenda ukaazime.